Msimbazi baada ya mwendokasi: barabara mpya, mizigo ileile

Mtaa wa Msimbazi unaanzia Faya, pale unapoachana na Barabara ya Morogoro, na kushuka hadi Gerezani. Kwenye ramani ni kipande kifupi tu cha Kariakoo, jijini Dar es Salaam, lakini biashara ya Kariakoo kwa sehemu kubwa inapita hapo. Pande zote mbili kuna maghorofa ambayo chini ni fremu, yaani vyumba vya maduka vya kupanga, juu ni fremu, na juu zaidi ni stoo. Makao makuu ya klabu ya soka ya Simba yako hapa, ndiyo maana klabu hiyo inaitwa Wekundu wa Msimbazi. Wanunuzi wanatoka Mbagala na Tegeta, Mbeya na Mwanza, Lubumbashi, Lusaka, Bujumbura na Moroni. Karibu kila mmoja akiondoka, anaondoka na boksi, furushi au kiroba.

Mtaa huu ulijengwa upya katika awamu ya kwanza ya mradi wa mabasi yaendayo haraka, ambayo watu wa Dar es Salaam wanayaita mwendokasi. Kuhusu mabasi yenyewe tumeshasikia mengi: ni machache, yanajaa, abiria wanasimama vituoni muda mrefu. Ninachotaka kukichambua hapa ni mtaa: njia za waenda kwa miguu, kingo, vivuko, na jinsi Kariakoo ilivyoipokea barabara iliyoletewa. Nausema mtaa huu kwa sababu naupenda, na kwa sababu kilichotokea hapa kinajirudia kila tunapojenga barabara katikati ya watu.

Kilichojengwa

Awamu ya kwanza ina urefu wa karibu kilomita 21. Njia kuu inatoka Kimara hadi Kivukoni, nayo ina matawi mawili: la Magomeni kwenda Morocco, na hili la Faya kwenda Gerezani. Sehemu kubwa ya fedha ilikuwa mkopo wa Benki ya Dunia. Serikali ilisimamia ujenzi kupitia TANROADS, Wakala wa Barabara, na kazi kubwa ya barabara ilifanywa na kampuni ya Strabag kuanzia 2012. Mabasi yalianza kubeba abiria Mei 2016, Rais John Magufuli akauzindua mradi rasmi Januari 2017, na Dar es Salaam ikapata Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018.

Kuchimbua mtaa mkongwe ni kazi ngumu zaidi chini ya ardhi kuliko juu yake. Kabla ya kumwaga zege lazima uhamishe mabomba ya maji, mabomba ya majitaka, nyaya za simu na nguzo za umeme, na vingi kati ya hivyo viliwekwa katika nyakati tofauti na watu tofauti. Kwa mwenye fremu huo ndio wakati mchungu kuliko wote. Mbele ya mlango kuna shimo, vumbi linaingia dukani, mteja anaangalia ubao wa kuvukia na kuamua kwenda mtaa wa pili. Kodi ya fremu haisubiri mkandarasi amalize. Yeyote atakayepanga ujenzi wa namna hii kwenye mtaa wa biashara naomba aanze na hilo, kwa maana mradi unaopimwa kwa tarehe ya uzinduzi pekee hauyaoni maduka yaliyofungwa njiani.

Matokeo yake, kwa upande wa uhandisi, ni barabara nzuri. Njia za mabasi zimewekwa katikati na kumwagwa zege, na uamuzi huo ulikuwa sahihi. Basi refu lililojaa watu linafunga breki mahali palepale siku nzima, na kwa joto la Dar es Salaam lami ingeanza kujikunja na kuacha mifereji ya matairi mapema. Vituo vimeinuliwa viwe sawa na sakafu ya basi, ili mzee, mjamzito au mtu wa kiti cha magurudumu aingie bila kupanda ngazi. Magari mengine yamebakiziwa njia pembeni. Nje ya hapo ikaja njia ya waenda kwa miguu, pana, iliyoinuliwa kwa ukingo. Kwa mtaa ambao mtembea kwa miguu alizoea kupita kati ya ubavu wa daladala na mfereji, hilo lilikuwa jambo kubwa, na nasikitika kwamba linasahaulika haraka tunapohesabu kasoro.

Kilichotokea juu yake

Njia ile ya miguu haikukaa wazi. Kwanza zilikuja meza chache za chaja na soksi, kisha nguo zilizotundikwa, kisha viatu vilivyopangwa chini kwenye turubai, kisha mama lishe na majiko yao, na mwishowe anayetembea akabakiwa na upenyo wa mtu mmoja. Ukikutana na mwenye furushi kichwani, mmoja wenu anashuka barabarani. Huko chini kuna bodaboda, bajaji, kirikuu (vigari vidogo vya mizigo) na magari madogo yanayogombania njia iliyobaki.

Ni rahisi kusema wamachinga, wachuuzi hawa wa barabarani, ni wakaidi, tukaishia hapo. Tarehe zinatoa maelezo mengine. Mabasi yalianza Mei 2016. Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli aliagiza wafanyabiashara wadogo wasifukuzwe katikati ya miji. Desemba 2018 vikaja vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, na aliyekuwa nacho aliona, kwa haki, kwamba amelipa na ametambuliwa. Kwa maneno mengine, njia mpya ya miguu ilikamilika wakati uleule Serikali ilipotamka kwamba mtu asiondolewe. Kwenye mtaa uliojaa kila kona, eneo kubwa kuliko yote lililokuwa tupu ni lile lililomalizika kujengwa. Wangeenda wapi kwingine?

Oktoba 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, upepo ukageuka. Wamachinga waliondolewa kwenye njia za miguu, hifadhi za barabara na mbele ya maduka, Kariakoo ikiwamo. Kwa muda mtaa ulionekana wote, na watu walishangaa upana wake. Kisha meza zikarudi, moja moja, jioni kwanza, mchana baadaye.

Hayakuwa mageni hayo. Mwaka 1983 kulikuwa na Sheria ya Nguvu Kazi, iliyowasomba watu wa biashara ndogo mjini na kuwaona kama wasio na kazi. Mwaka 2006 kulikuwa na operesheni nyingine kubwa Dar es Salaam, na baada yake likajengwa jengo la Machinga Complex pale Karume, Ilala, ambalo wengi waliokusudiwa hawakutaka kuhamia. Hawakulikataa kwa jeuri. Machinga anauza kwa mtu anayepita, na ghorofani hapiti mtu asiyekusudia kupanda. Ukimtoa penye miguu ya watu, umemtoa kwenye biashara yake hata ukimpa chumba chenye mlango na kufuli.

Kwa nini Msimbazi hasa

Mradi wenyewe uliongeza thamani ya ardhi iliyo mbele ya maduka. Zamani daladala zilishusha abiria popote, umati ukatawanyika. Mwendokasi inashusha kwenye vituo vichache, watu wanavuka penye kivuko kimoja, na wanatembea kwa mkumbo kuelekea Mkunguni, Tandamti, Sikukuu na Kongo. Kila kituo kimekuwa bomba la wateja. Mchoraji aliyeweka kituo pale aliweka pia soko, ajue asijue, na angetakiwa kuuliza soko hilo litakaa wapi.

Jambo la pili ni la zamani zaidi. Kariakoo ilipimwa na Wajerumani, mwishoni mwa utawala wao, iwe makazi ya Waafrika. Jina lake limetokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Nyumba zake zilikuwa za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma, na baraza mbele. Baraza ilikuwa ya mwenye nyumba na ilikuwa ya mtaa pia. Hapo watu walikaa, walicheza bao, waliuza mihogo, kahawa na samaki wa kukaanga. Maghorofa yaliyoziondoa nyumba zile yaliifuta baraza kwenye ramani, na kila futi ya chini ikawa fremu yenye kodi, na juu yake kilemba, pesa ya kuachiwa fremu. Haja ya mahali pa kukaa na kuuza kati ya mlango na barabara haikufutika. Ilisogea hatua chache, ikatua kwenye njia ya waenda kwa miguu.

Tena mwenye fremu na machinga si maadui kama wanavyochorwa kwenye mikutano. Machinga wengi wanauza mzigo wa fremu iliyo nyuma yao: asubuhi anachukua, jioni anarudisha pesa na kilichobaki. Wapo wenye fremu wanaotoa bidhaa zao wenyewe nje kwa sababu mlangoni hakuonekani. Winga, yaani dalali wa wateja, naye anasimama katikati ya njia, anamshika mteja mkono na kumpeleka ghorofa ya tatu. Ukifagia njia ya miguu unafagia pia sehemu ya mauzo ya maduka yaliyolalamika kwamba yamezibwa. Hili lazima lisemwe wazi, maana operesheni nyingi zimeanza kwa barua ya wenye maduka na kuishia kwa maduka hayohayo kutoa meza nje tena.

Mizigo

Hapa ndipo naona kosa kubwa la usanifu, na ndipo nitakaa zaidi.

Meza za wamachinga zinaonekana, kwa hiyo zinalaumiwa. Mzigo hauzungumzwi sana, ingawa ndio unaoilisha Kariakoo. Bidhaa inatoka bandarini au kiwandani, inafika kwa lori, inashushwa kwenye Canter (lori dogo) au kirikuu, inahamia kwenye guta la magurudumu matatu au mkokoteni, inamalizia safari mgongoni au kichwani mwa mbebaji hadi stoo ya ghorofa ya nne. Halafu inashuka tena ikiwa vipande vidogo kwenda kwa mnunuzi wa Songea au wa Bukavu, ambaye naye anahitaji kuifikisha kwenye basi au gari la mizigo. Safari hizo zote zinagusa barabara, na kwenye kila moja kuna dakika kadhaa ambazo gari limesimama na watu wanabeba.

Barabara ya Msimbazi ilisanifiwa kwa vitu vinavyopita: basi lipite, gari lipite, mtu apite. Kitu kinachosimama ili kushusha hakikupewa nafasi inayolingana na wingi wake. Kwa hiyo kirikuu inasimama kwenye njia ya magari na kuifunga. Magari ya nyuma yanapanda ukingo au yanachungulia njia ya basi. Mkokoteni wenye maboksi ishirini hauwezi kupanda ukingo, hauwezi kwenda kwa kasi ya magari, na mbele yake kuna njia ya zege iliyonyooka na tupu. Unaingia huko. Bodaboda inafuata. Trafiki anakamata, anatoza, na kesho yake ni yaleyale, kwa kuwa mzigo bado upo na bado lazima ufike.

Nani ameumia zaidi? Mwenye ulemavu wa macho ambaye fimbo yake inagonga meza. Mtu wa kiti cha magurudumu anayeshuka vizuri kwenye basi lililo sawa na jukwaa, anavuka vizuri, kisha anafika upande wa pili na kukuta hakuna pa kupita. Mbeba mizigo mwenye kilo nyingi shingoni anayelazimika kupita kati ya bodaboda. Njia iliyojengwa kwa mkopo kwa ajili yao imekuwa mali ya kila mtu isipokuwa wao.

Kuna na hatari ya moto, ambayo kwa Kariakoo haihitaji kufikirika: soko kuu, lile la paa za zege kama miavuli lililobuniwa na msanifu Beda Amuli miaka ya 1970, liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Kituo cha zimamoto kiko mwanzoni kabisa mwa mtaa. Faya imepata jina kwake. Lakini gari la zimamoto ni pana, na maghorofa yenye stoo za nguo na plastiki yamejaa kwenye vichochoro vya ndani. Upana wa njia katika mtaa huu ni suala la uhai.

Mwenye mtaa ni nani?

Nimejaribu kufuatilia nani hasa anawajibika na ile njia ya miguu. Barabara ilijengwa na TANROADS. Mabasi na vituo viko chini ya DART, Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka. Wafanyabiashara wadogo, ushuru na usafi ni wa Halmashauri ya Jiji, ambayo tangu Februari 2021 ndiyo iliyokuwa Manispaa ya Ilala. Mitaa ya pembeni ni ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Magari yanasimamiwa na Polisi. Kila mmoja ana kipande chake na sheria yake, na meza ya viatu imesimama pale vipande vyote vinapokutana. Wakati wa operesheni wote wanakuja. Siku ya kawaida anakuja mgambo wa Jiji, na mgambo hana mamlaka ya kuamua kwamba lori lishushe saa ngapi au mkokoteni upite wapi.

Kwa maoni yangu hili ndilo lililoiangusha njia ya miguu ya Msimbazi kuliko ukaidi wa mtu yeyote. Mradi ulikuwa na bajeti ya kujenga na ratiba ya kukabidhi. Usimamizi wa kila siku wa ardhi ile, nani akae wapi na kwa saa zipi, haukuwa na mwenyewe.

Na lipo linalowezekana. Njia pana ya miguu inaweza kugawanywa kwa rangi chini: ukanda wa kupita, usioguswa na chochote, unaotosha viti viwili vya magurudumu kupishana, na ukanda mwembamba upande wa barabara wenye nafasi zenye namba, kila namba ikiwa na mtu wake anayejulikana. Kama watu walikubali kulipia kitambulisho cha shilingi 20,000, watakubali kulipia namba inayowahakikishia kwamba kesho hawatakimbizwa. Namba hazitatosha wote, na asiyepata atalalamika kwa haki. Wanaobaki wapewe mitaa ambayo magari yamekwisha kushindwa kupita. Mtaa wa Kongo kwa kiasi kikubwa ni soko la wazi tayari. Utambuliwe hivyo, uwekewe maji, vyoo, taa na njia ya zimamoto iliyochorwa.

Mizigo ipewe saa. Mwaka 2025 Serikali ilizindua biashara ya saa 24 Kariakoo, na hiyo ni nafasi adimu. Malori na Canter yashushe usiku, kirikuu zipewe sehemu chache zilizotengwa kwenye mitaa inayokatiza Msimbazi, na kingo zichongwe mteremko penye sehemu hizo ili mkokoteni upande bila kubebwa. Wabebaji wana viongozi wao, wa guta wana viongozi wao, na wanajua kuliko mhandisi yeyote ni kona gani inaziba saa ngapi. Waulizwe mchoro ukiwa bado wa penseli.

Wapo watakaosema ukichora meza kwenye njia ya miguu umehalalisha uvamizi, na zitakuja mara mbili yake. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa mji ambao namba ikitolewa leo kesho inauzwa. Lakini njia ya kufukuza tumeijaribu tangu 1983, na kila mara tumerudi tulipoanzia tukiwa na watu waliopoteza mitaji yao. Ukanda wenye namba angalau unampa mtembea kwa miguu mstari anaoweza kuuonyesha kwa kidole na kusema hapa ni pangu.

Haya yana haraka kwa sababu ya Barabara ya Uhuru. Awamu ya tatu ya mwendokasi, ile ya Gongo la Mboto, inahusisha Barabara ya Uhuru kati ya Tazara na Gerezani, kupitia Buguruni, Ilala Boma na Karume, kwenye mitumba ya Mchikichini. Anayepajua anajua kwamba hakuna njia ya miguu itakayobaki tupu pale hata kwa wiki moja. Jiji, DART, TANROADS na Polisi wakae na wafanyabiashara wa Mchikichini na Ilala, waandike nani anasimamia njia ya miguu, meza ngapi zitakaa wapi, na marobota ya mitumba yatashushwa saa ngapi na kona ipi. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani sokoni, yenye jina la ofisi inayowajibika na namba ya simu inayopokelewa.